Saa Moja ya Bwana Powell

Machi 1963, mamlaka ya kodi ya Marekani ilimpelekea samansi mtu aliyeitwa Max Powell, rais wa kampuni ya udobi, William Penn Laundry. Alitakiwa afike mbele ya ofisa wa mamlaka, ajibu maswali na atoe vitabu vya hesabu vya kampuni vya miaka ya 1958 na 1959. Powell akafika. Vitabu akakataa kuvitoa. Akasema hesabu za miaka hiyo zilishakaguliwa mara moja, na ile miaka 3 ambayo sheria inawapa wakaguzi kudai nyongeza ya kodi imeshapita. Kilichobaki ni ulaghai tu, kwa kuwa ulaghai hauna ukomo wa muda. Sasa kama mnanishuku ulaghai, mnanishuku kwa lipi? Ofisa akakataa kusema. Kikao kikaishia hapo.

Kila nikiisoma kesi hii nasimama kwanza mahali hapo. Watu wawili wamekaa, mmoja ana vitabu, mwingine ana sababu, na hakuna aliye tayari kutoa cha kwake kwanza.

Nawajua wenzangu wapenzi wa vitabu: likitajwa neno kodi, mtu anafunga ukurasa. Nivumilieni kidogo. Hukumu za mahakama nazo ni masimulizi, ila zimeandikwa na watu waliokatazwa kupamba, na hii ya Powell inauliza swali ambalo riwaya nyingi huzunguka bila kulitaja. Yaliyopita yangu ni ya nani? Na anayetaka kuyasoma, anawiwa kuniambia kwa nini?

Jaji wa kwanza aliyeletewa ugomvi huo alitoa uamuzi wa ajabu kidogo: ofisa apewe saa moja avipitie vitabu tena. Saa moja! Ni kama uamuzi wa bibi anayeamulia wajukuu wanaogombania baiskeli. Mahakama ya rufaa ikautupa, ikasema ofisa hapati hata dakika moja mpaka aoneshe habari ambazo mtu mwenye akili zake akizisikia angeshuku kuwa pana ulaghai. Serikali ikapanda juu zaidi. Tarehe 23 Novemba 1964, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaipa serikali ushindi, majaji 6 kwa 3. Jaji Harlan, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alisema mamlaka hailazimiki kuonesha sababu ya kushuku. Inatosha uchunguzi uwe na lengo halali. Kinachodaiwa kihusiane na lengo hilo. Mamlaka isiwe tayari inacho. Na taratibu za ofisi ziwe zimefuatwa, ikiwemo kumwandikia mlipakodi barua kwamba ukaguzi wa pili umeonekana unahitajika. Wakaifananisha kazi hiyo na ya baraza la wananchi linalochunguza makosa ya jinai kabla ya mtu kushtakiwa: baraza hilo halingoji mpaka lishuku, linaweza kuuliza kwa kutaka tu kuhakikisha kwamba sheria haikuvunjwa. Masharti hayo manne yanatumika huko hadi leo.

Angalieni vizuri kilichotokea. Mlango wa deni ulikuwa umefungwa. Miaka 3 imepita, Powell hadaiwi nyongeza, labda ulaghai uthibitike. Lakini mlango wa kusoma ukabaki wazi, na anayeingia haulizwi anatafuta nini hasa. Watu wengi tunadhani ukomo wa muda maana yake ni kwamba mambo yamekwisha, yamezikwa. Kumbe kinachozikwa ni dai. Daftari halizikwi.

Tena haya si ya Marekani peke yake. Kwetu Kenya, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 imejengwa kwa mbao zile zile. Unatakiwa utunze kumbukumbu zako kwa miaka 5. Kamishna ana miaka 5 ya kurekebisha makadirio ya kodi yako. Lakini pakiwepo ulaghai, ukwepaji, au uzembe mkubwa au wa makusudi, anaweza kurudi nyuma wakati wowote. Na sheria hiyo hiyo inampa uwezo wa kuandika barua kukutaka wewe, au mtu mwingine yeyote, benki ikiwemo, mtoe hati zinazokuhusu.

Hapo pana mzaha ambao kila mwenye duka anaujua. Risiti ya mashine, ile ya karatasi laini inayong'aa, hufifia. Ukiiweka kwenye boksi juu ya kabati, Mombasa hii yetu ya joto, haichukui muda inakuwa karatasi tupu. Sheria inakutaka ukumbuke miaka 5 kwa karatasi isiyokumbuka miaka 2. Wenye akili wanatoa nakala, wengine wanapiga picha kwa simu. Wengi hatufanyi lolote, tunaomba Mungu.

Ila sitaki kuwapunja waliomshinda Powell, kwa sababu hoja yao ina uzito. Nina rafiki mhasibu, ameketi upande wa pili wa meza hizi kwa miaka mingi. Nilipomsimulia kesi hii alicheka.

"Ndugu yangu, wewe unaongea kishairi. Ushahidi wa ulaghai uko wapi? Uko ndani ya vitabu. Sasa unaniambia nikuoneshe ushahidi ndio unifungulie vitabu?"

Sikumjibu papo hapo, kwa sababu ni kweli. Mfano mkubwa wa ukweli huo ni Al Capone. Kila mtu Chicago alijua kazi yake, na hakuna aliyeweza kumgusa. Kilichomwangusha ni madaftari. Polisi walivamia nyumba ya kamari iliyokuwa Cicero, nje kidogo ya Chicago, wakachukua vitabu vyake vya hesabu, vikakaa kabatini kwa miaka. Baadaye Frank Wilson, mpelelezi wa Hazina, akavipitia, akaona mgao wa faida unaelekea kwa nani, akawatafuta walioandika kwa mwandiko wao. Oktoba 1931 Capone akahukumiwa miaka 11 jela kwa makosa ya kodi. Damu yote ile iliyomwagika haikuweza kumfunga. Tarakimu za wino zikamfunga. Mtu akiniambia kwamba yaliyopita ya mtu yaachwe yalale, mimi nataka kwanza kujua ni ya mtu gani. Waliouza ardhi ya umma miaka 20 iliyopita wangependa sana tuwe na heshima kwa faragha yao.

Kwa hiyo siko upande wa wanaosema serikali isiangalie nyuma. Iangalie. Barabara hazijengwi kwa mashairi, na wanaojificha vizuri zaidi nyuma ya neno "faragha" mara nyingi ni wale wenye wakili na akaunti ng'ambo. Mama anayeuza mitumba Kongowea hana pa kujificha.

Kinachonisumbua kiko kwingine, na wapenzi wa fasihi wanakijua kuliko wahasibu. Daftari ni matini. Matini haijisomi. Na mwandishi wake, baada ya miaka 6, ameshasahau.

Hebu chukua taarifa yako ya M-Pesa ya mwaka fulani wa nyuma, uisome kama vile si yako. Utaona jina la mwanamke, 3,000 kila tarehe 5, miezi 14 mfululizo, kisha kimya. Ni nani? Kodi ya chumba? Mchango wa chama? Karo ya mtoto wa binamu? Deni la baba uliloahidi kulilipa pale pale makaburini? Utaona 40,000 imeingia Jumamosi usiku na kutoka Jumatatu asubuhi. Kwa mkaguzi hayo ni mapato yasiyotangazwa. Kwako ilikuwa ni pesa ya matanga, umeshikishwa wewe kwa kuwa ndiye mtu anayeaminika katika ukoo. Karatasi haikusema uongo hata neno moja. Lakini haikusema habari yenyewe, na mtu pekee aliyekuwa nayo ni wewe, na wewe huikumbuki tena.

Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki yangu. Yeye anaona ukomo wa muda ni kama zawadi kwa wakwepaji: vumilia miaka 5, umeokoka. Mimi naona ni kukubali jambo rahisi, kwamba pande hizi mbili hazizeeki sawa. Serikali haisahau. Faili yake haipati shinikizo la damu, haihami nyumba, haifiwi na mume aliyekuwa akijua mambo yote ya hesabu. Mjane anaulizwa kuhusu 2017. Aliyejua 2017 yuko makaburini. Kadiri miaka inavyokwenda, mmoja anabaki na maandishi na mwingine anapoteza maelezo, mpaka inafika siku msomaji ana uwezo wa kuyapa maandishi maana yoyote anayoitaka. Tukumbuke pia kwamba katika sheria za kodi, Kenya ikiwemo, mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio ya mamlaka si sahihi uko kwa mlipakodi. Anayesahau ndiye anayetakiwa kukumbuka.

Ndiyo maana nadhani Powell alikuwa na haki ya kuuliza "kwa lipi?", hata kama alikuwa mlaghai. Sijali kama udobi wake ulikuwa safi. Sababu ndiyo inayompa msomaji mpaka. Ukiniambia "tunatafuta malipo ya mtambo mliodai kununua 1958", basi nitajitahidi kukumbuka mtambo huo, nitamtafuta fundi aliyeufunga, na wewe hutakuwa na kazi na barua za mke wangu. Ukisema "tunaangalia tu", hata ukomo wa macho yako siujui.

Macho yasiyo na mpaka huwa yanaona nini? Kisa bora ninachokijua kuhusu mtoza kodi kimo katika Alfu Lela Ulela, kisa cha Abdullah bin Fadil, gavana wa Basra. Khalifa Harun Rashid anakagua mapato ya mikoa yake, anaona ya Basra hayajafika. Anamtuma swahiba wake Abu Ishaq akayafuate. Anafika, na jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba fedha ziko tayari, zilikuwa zisafirishwe kesho yake. Kwa upande wa kodi kisa kimekwisha. Lakini mgeni hukaa siku 3, na usiku anamwona mwenyeji wake akiamka, akichukua mjeledi, akienda kuwachapa mbwa wawili waliofungiwa chumbani, kisha akiwalisha na kuwabembeleza. Habari inafika Baghdad. Gavana anaitwa, na mbwa wake, na analazimika kufunua kisa kizima cha ndugu zake na alivyotendwa nao. Shaaban Robert alikichukua kisa hicho katika Adili na Nduguze, mbwa wakawa manyani, gavana akawa Adili. (Napenda kukumbuka kwamba Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi. Alijua maana ya kufungua mizigo ya watu.)

Sisi wasomaji tunafurahia mtoza kodi yule kuchungulia, la sivyo tusingepata hadithi. Lakini kwa gavana si burudani. Kodi aliitayarisha yote. Alichonyang'anywa ni kitu ambacho hakikuwemo katika hesabu, aibu ya nyumba yake, na alinyang'anywa kwa sababu tu jicho lililoingia kwa jambo moja halikuambiwa likomee wapi.

Na katika nchi yetu, jicho hilo lina historia isiyo ya hadithi. Kodi ya nyumba ilianza Kenya 1901, na haikuwa ya mapato peke yake. Iliwatoa watu vijijini wakatafute kibarua kwa mzungu wapate fedha za kuilipa. Kisha karibu na 1920 kikaja kipande. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea nacho, kwenye kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni, na ndani yake zimo alama za vidole, majina ya waajiri, tarehe za kuanza na kuacha kazi, na mshahara aliolipwa. Mwajiri mpya akikifungua, anaona yule wa kwanza alilipa kiasi gani, na hatoi zaidi. Wengi waliokibeba hawakujua kusoma. Yaani mtu anabeba historia yake shingoni ili kila mtu aisome isipokuwa yeye. Harry Thuku na wenzake walipopiga kelele 1921 na 1922, kodi na kipande vilikuwa malalamiko ya pamoja, na sidhani ilikuwa bahati mbaya.

Sitasema kwamba mamlaka ya kodi ya leo ni serikali ya kikoloni. Ni uvivu wa kufikiri kufananisha kila ofisi na ukoloni, na wakaguzi wengi ni watu wa kawaida wanaotafuta riziki kama sisi. Ninachosema ni kwamba babu zetu walijua tofauti kati ya kulipa na kusomwa. Cha pili kiliwauma kwa namna yake.

Pwani tuna neno ambalo wageni hulitafsiri vibaya: hodi. Wanadhani ni kuomba ruhusa ya kuingia. Ni zaidi. Unapiga hodi, ukiitikiwa "nani?" hujibu "mimi". Walimu wetu wa chuoni walitukaripia kwa hilo. "Mimi" si jibu, kila mtu ni mimi. Unataja jina, na ukikaribishwa unataja lililokuleta. Hata mwenye haki ya kuingia, hata mwenye nyumba anayekuja kudai kodi ya chumba, anapiga hodi. Hodi haimpunguzii haki yake. Inamfanya aseme kwa mdomo wake amefuata nini, na akishasema, kuna mtu amemsikia.

Samansi ya Powell, pamoja na kasoro zake zote, ilikuwa hodi nusu. Kulikuwa na ofisa mwenye jina, siku, kiti, na mtu aliyeweza kusema "sitoi". Kulikuwa na jaji wa kwenda kwake. Wasiwasi wangu ni kwamba hata nusu hiyo inapotea bila hukumu yoyote kuandikwa. Muswada wa Fedha wa 2024 wa Kenya, ule uliowatoa vijana barabarani hadi wakaingia Bunge tarehe 25 Juni, ulikuwa umekuja na kifungu cha kuitoa mamlaka ya kodi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pale inapohitaji taarifa za watu kwa kazi ya kukadiria na kukusanya kodi. Vijana waliimba zaidi kuhusu mkate na mafuta, na ni haki yao, njaa haingoji. Muswada haukuwa sheria. Mwaka uliofuata likaja pendekezo jingine, la kufuta kinga inayozuia mamlaka kudai data binafsi za wateja pale inapounganisha mitambo yake na ya wafanyabiashara. Nalo halikupita. Mara mbili katika miaka miwili, na kila mara limo kwenye kurasa ambazo msomaji wa kawaida ameshachoka kufika. Nani atadhani halitarudi?

Mitambo ikishaunganishwa, hakuna anayekuja mlangoni. Powell wa leo hana kikao cha kukatisha. Ameshasomwa tangu asubuhi, na kumbukumbu zake za miaka 9 zimepangwa na programu ambayo haijui maana ya matanga.

Nilimrudia rafiki yangu na jambo la hodi. Nikamwambia sitaki mengi: nataka mstari mmoja wa maandishi, mwaka gani, jambo gani, kwa nini, kabla daftari la zamani halijafunguliwa, liwe la karatasi au la kompyuta. Akafikiri. Akasema:

"Na kama sababu yenyewe ni kwamba karani wako amekuchongea? Nikuandikie jina lake?"

Hilo nalo ni zito. Sababu ikitajwa, aliyeileta anaweza kuumia, na katika nchi yetu watu wameumia kwa madogo kuliko hayo. Nikamwambia basi mstari huo apewe jaji, si mimi. Mtu mmoja asiye wa mamlaka na asiye wangu ausome, aseme unatosha au hautoshi. Akasema majaji wana mafaili mpaka dirishani. Nikamwambia anipe jaji mwenye mafaili mpaka dirishani, na ile saa yake moja.

"Saa moja haitoshi hata kusoma Januari," akasema, akaagiza chai nyingine.